Nakariri maneno magumu ya Kiingereza kila siku lakini hayakai, naombeni ushauri

Binti wa Nansio

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Mwanza. Nimesoma shule ya kata Ukerewe. Shule ya msingi yote ilikuwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza, nikavuka kwa kukariri. Kuelewa naelewa, mhadhiri asipokimbia namfuata vizuri. Kinachonishinda ni maneno ya juu, yale ya kuandikia kazi za chuo.

Tangu Novemba nakariri maneno 30 kwa siku kutoka kwenye orodha iliyorushwa kwenye grupu la darasa. Neno naliandika kushoto, maana yake ya Kiswahili kulia. Usiku nayajua yote. Baada ya wiki nikifungua daftari naona kama kaandika mtu mwingine.

Kilichonifanya nije hapa ni kazi niliyorudishiwa juzi. Tuliambiwa tueleze soko tunalolijua, nikaandika kuhusu Mwaloni kule Kirumba, maana mama yangu anauza dagaa pale. Nilitaka kusema sangara wanene. "Fat" niliona ni neno la mtoto, nikachungulia orodha nikapata "corpulent". Nikaandika "corpulent fish". Limezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa kwamba samaki hasemwi hivi. Ukurasa ule mmoja una maduara saba, na yote yako kwenye maneno ya ile orodha. Imeniuma sana. Soko lile nalijua kuliko yeyote darasani, lakini ukisoma kazi yangu hulioni.

Nifanyeje maneno yakae? Na nitayazoezea wapi, wakati hosteli ni Kiswahili na Kisukuma asubuhi mpaka usiku? Bando langu ni la kuungaunga, naombeni mnizingatie hapo.

Jogoo wa Igoma

Tupa hiyo orodha. Soma vitabu vya hadithi, kimoja baada ya kingine. Mimi nilitokea huko huko.

Mwalimu wa Nyakato

Marahaba binti. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na hayo maduara saba nimeyachora mara nyingi kwenye madaftari ya watoto wenye akili kabisa. Usikate tamaa.

Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga picha. Mgeni aliyekariri kwamba "piga" ni kumchapa mtu atakuambia "nimefanya simu". Utamwelewa, ila sikio litakataa. Wewe hukukaa chini siku moja kukariri kwamba simu inapigwa. Uliikuta simu na "piga" yake zimeshaongozana. Kiingereza nacho kina maneno yanayotembea pamoja. Uamuzi kwao ni "make a decision", kosa la jinai ni "commit a crime", mvua kubwa ni "heavy rain" lakini upepo mkali ni "strong wind". Hiyo "corpulent" inasemwa kwa mtu mwenye mwili mkubwa. Sangara wako alikuwa "fat" tu, na "fat" lilikuwa neno sahihi kabisa. Neno la juu ni lile linaloingia mahali pake, hata likiwa na herufi tatu.

Kwa hiyo daftari la safu mbili liache. Ukipata neno, andika sentensi nzima uliyolikuta ndani yake, kisha chini yake sentensi yako kuhusu jambo unalolijua kweli. Maana ya Kiswahili weka mwisho, kwa herufi ndogo. Na utumie kamusi ya wanaojifunza, siyo ile ya wazawa. Oxford wana ile ya Hornby, mwalimu Mwingereza aliyefundisha Japani, na chapa yake ya kwanza ilitoka huko huko Tokyo mwaka 1942. Aliitunga kwa ajili ya watu kama sisi ambao lugha hii si ya mama. Inakuonyesha neno linaandamana na nani, na kihusishi gani kinalifuata. Kaulizie maktaba ya mkoa, au ya chuo chako.

Jambo lingine ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi mapema. Kwetu "soma" linazaa somo, msomi, msomaji, somesha, kisomo. Kwao "analyse" linazaa "analysis", "analyst", "analytical". Ukijifunza moja, chukua ukoo mzima. Lakini jihadhari na sauti. Kiswahili mkazo unakaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba hivyo hivyo tukiongea Kiingereza. Kwa Waingereza mkazo unahama. "Analyse" wanakaza mwanzo, "analysis" silabi ya pili, "analytical" ya tatu. Mtu anaweza kujua neno kwa macho miaka mitatu asilitambue likitamkwa na mhadhiri.

Mkaa Ufukweni

Nakubaliana na mwalimu. Jogoo wa Igoma naye ana lake la kweli, ila hadithi peke yake haitampa haraka "assess", "assume" na "derive", na hayo ndiyo yamejaa kwenye madesa ya chuo. Kuna orodha moja ninayoiamini, ya Averil Coxhead wa New Zealand, ilitoka mwaka 2000. Ina koo 570 za maneno, zilizochaguliwa kwa kuhesabu yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma ya fani tofauti, na zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno ya maandishi hayo. Ipo bure mtandaoni. Ishushe mara moja, basi, bando limeisha kazi. Halafu kutoka 30 shuka mpaka matano kwa siku.

Mimi kazi yangu ni mazingira ya ziwa, na maneno yangu mengi niliyapata kwa kulitazama ziwa. Sangara siyo wa kwetu, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo "was introduced". Anakula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa hiyo "preys on". Furu wakapungua, "declined", na aina nyingi hazionekani tena. Walikuwa hawapatikani kwingine duniani, "endemic to Lake Victoria". Magugumaji yametoka Amerika Kusini, ni "invasive", na ghuba iliyojaa magugu ni "infested with". Ona hapo "on", "to", "with". Ukitaka kujua kama neno umelishika, ondoa hicho kidogo cha nyuma uone kama unaweza kukirudisha.

Wewe ziwa unalo tangu utotoni. Panda meli ya kwenda Nansio ukiwa na daftari.

Dada Kapripointi

Mdogo wangu, kuhusu kusahau. Tafuta boksi la viatu, ligawe vyumba vitatu kwa karatasi ngumu. Kata kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani. Mbele andika sentensi yenye pengo, nyuma neno. Kadi mpya zinaanza chumba cha kwanza, unazipitia kila siku. Ukipatia inahamia cha pili, unachokigusa kila baada ya siku tatu. Ukipatia tena inaenda cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosea popote, inarudi cha kwanza. Mwandishi Sebastian Leitner aliueleza mtindo huu mwaka 1972, nami nilisomea nao uuguzi.

Na ya kuongea: kila jioni jirekodi kwenye simu dakika mbili, eleza kipindi kimoja cha siku hiyo bila kutazama daftari. Kurekodi hakuli bando. Sikiliza, ona ulipokwama, neno lililokosekana ndilo kadi ya kesho. Ukipata mwenzako mmoja tu mnayeaminiana, mrekodiane.

Binti wa Nansio

Asanteni sana, sikutegemea kupata msaada wa namna hii. Nimeanza kadi leo. Dada, nikikosea kihusishi tu, neno lenyewe nimepatia, inahesabika nimekosa?

Dada Kapripointi

Umekosa. Irudishe.

Binti wa Nansio

*Wiki mbili baadaye*

Wakuu, nimerudi. Nina kadi 61, na 20 ziko chumba cha tatu. Mwenzangu wa chumbani naye kaanza, tunarekodiana baada ya chakula cha usiku. Ile kazi ya Mwaloni naiandika upya japo hakuna aliyenidai. Jumamosi nilishinda pale na mama, nikamuuliza kila kitu kuanzia mtumbwi unapofika. Mwalimu, naomba uniangalizie sentensi hii:

"In some months water hyacinth covers the landing site and deprives the boats from a place to land."

Mwalimu wa Nyakato

Binti, hii nimeiona kwa macho. "Landing site" ndilo neno lenyewe la mwalo, umelipatia. Rekebisha moja tu: "deprive" anaandamana na "of". Kwa hiyo "deprives the boats of a place to land".

Binti wa Nansio

Asante mwalimu. Kadi ya "deprive" ilikuwa chumba cha tatu. Nimeirudisha cha kwanza.