Oksijeni ya kidoleni ni 98 na damu inavuja ndani: je, kipimo cha oksijeni ya misuli kingetangulia kutuonya?

Muuguzi wa mapokezi ya dharura:
Ndugu zangu wa fani ya afya, naomba ufafanuzi. Hutokea tukampokea majeruhi aliyepigwa tumboni, shinikizo la damu likasoma 118 kwa 76, kifaa cha kidoleni kikaonyesha asilimia 98, na kipimo cha kwanza cha himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kikawa hakina neno, kumbe bandama imepasuka na damu inajaa tumboni taratibu. Nimesoma kwamba vipo vifaa vinavyopima oksijeni iliyomo ndani ya misuli yenyewe. Je, kweli vinawahi kuona kinachoendelea, na kwa nini hiki cha kidoleni hakioni?

Daktari wa usingizi:
Kifaa cha kidoleni hujibu swali moja tu, yaani himoglobini inayotoka mapafuni imeshiba oksijeni kwa kiasi gani. Mtu aliyepoteza lita nzima ya damu huku mapafu yake yakiwa salama ataendelea kusoma 98, kwa sababu kile kidogo kilichobaki kimeshiba barabara. Himoglobini nayo huchelewa, maana damu inayovuja hutoka pamoja na maji yake, na kiwango hakishuki mpaka maji ya mwilini yaingie kwenye mishipa au sisi wenyewe tuweke dripu.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Akipoteza hadi asilimia 15 huenda usione lolote. Kati ya 15 na 30 mapigo hupanda, lakini shinikizo la juu, yaani namba ya kwanza kama ile 118, kwa kawaida hubaki pale pale, na huanza kuanguka akishavuka 30, yaani karibu lita moja na nusu. Katika kipindi hicho chote mwili unabana mishipa ya ngozi, misuli na utumbo ili ubongo na moyo visikose. Msuli uliobaniwa hauachi kutumia oksijeni, bali hunyonya zaidi kutoka katika damu chache inayoufikia, na damu inayouacha hutoka ikiwa maskini zaidi. Kifaa cha misuli humulika tishu kwa mwanga wa infraredi ya karibu, wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 700 hadi 1000, na kwa kuwa sehemu kubwa ya damu kinayoisoma imo upande wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, umaskini huo hukifikia mapema.

Daktari wa dharura:
Maelezo hayo nayakubali, ila ningependa tusiibebeshe mashine mzigo isiouweza. Katika majaribio ambayo watu wenye afya hunyonywa kwa ombwe kuanzia kiunoni kwenda chini, ili damu ikusanyike miguuni kana kwamba imevuja, oksijeni ya msuli wa kigasha imeonekana kushuka kabla ya shinikizo. Kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, ambako vifaa vingi hubandikwa, badiliko limekuwa dogo zaidi. Hapo watu wazima wenye afya husoma asilimia 80 na kitu, na kwa majeruhi, kusoma chini ya 75 kumehusishwa na viungo kufeli na vifo. Hata hivyo, kusoma 82 hakumtoi mtu hatarini. Ongeza baridi, uvimbe, mafuta ya chini ya ngozi na dawa za kubana mishipa, na utaona kwa nini mimi huamini mwelekeo wa saa nzima kuliko namba moja.

Muuguzi wa mapokezi ya dharura:
Nashukuru sana, madaktari. Na pasipokuwa na kifaa hicho?

Daktari wa dharura:
Gawanya mapigo kwa shinikizo la juu. Kawaida ni kati ya 0.5 na 0.7. Mapigo 104 kwa shinikizo 112 hutoa 0.93, na huyo simwachi peke yake ingawa kila namba ikitazamwa kivyake haitishi. Mshike mikono na magoti kama ni ya baridi, rudia ultrasaundi ya tumbo hata kama ya kwanza ilikuwa safi, na pima laktati, yaani kemikali inayoongezeka katika damu tishu zikikosa oksijeni, ukianza kushuku inapozidi milimoli 2 kwa lita. Kwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenololi, usiutegemee mgawanyo huo, kwa kuwa mapigo yake huenda yasipande. Kwake anza na laktati na ultrasaundi.