Mawimbi pweke ya KdV: mbona hesabu inalipuka nikiongeza nukta?

binti_wa_Ngara
Habari zenu. Niko Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, naandika tasnifu ya uzamili juu ya mlinganyo wa Korteweg–de Vries (KdV), unaoeleza mawimbi ya maji ya kina kifupi, u_t + 6uu_x + u_xxx = 0. Naanza na 6 sech²(x), kilima kimoja kinachogawanyika kuwa mawimbi mawili, eneo −20 hadi 20. Mbinu ni ile ya Zabusky na Kruskal ya 1965, inayotumia hatua mbili zilizopita kupata inayofuata. Kwa nukta 256 na hatua ya muda 0.001, mawimbi yanaachana vizuri. Kwa nukta 512 namba zinalipuka, hata nikipunguza hatua kwa nusu. Stima kwetu hazitabiriki usiku, sitaki hesabu ya kukesha. Nifanyeje?

mwalimu_Rongai
Nusu haitoshi, dada. Anayekusumbua ni u_xxx. Mbinu hiyo inadai hatua ya muda iwe chini ya takriban 0.38 ya Δx³, ambapo Δx ni umbali kati ya nukta na nukta. Kwa nukta 256 Δx ni 0.156 na kikomo ni kama 0.0015, ndiyo maana 0.001 ilipita. Nukta zikiwa maradufu kikomo kinashuka mara nane, 0.00018 hivi.

Hamia Fourier, yaani ligawe wimbi katika masafa yake, k, kama Fornberg na Whitham walivyofanya 1978. Unapata û_t = ik³û − 3ik·F(u²), ambapo û na F(u²) ni u na u² zikiandikwa kwa masafa hayo. Sehemu ya ik³ ina jibu kamili, basi zidisha pande zote kwa e^(−ik³t), na kilichobaki kipe Runge-Kutta ya daraja la nne, mbinu ya kusogeza muda hatua kwa hatua. Anza na nukta 256, hatua 0.0005. Hata laptopu kuukuu haitachoka.

Na tafadhali, usiridhike na picha kupendeza! ∫u ibaki 12 na ∫u² ibaki 48, kwani mlinganyo wenyewe hauzibadilishi. Ukiona 48 inayeyuka, punguza hatua.

fundi_hesabu
Theluthi ya juu ya k ifute kila unapokokotoa u², la sivyo masafa ya juu yatajirudi na kuchafua ya chini.

binti_wa_Ngara
Asanteni sana. Mwalimu, wimbi kubwa likitoka kulia linaingia tena kushoto. Nipanue eneo?

mwalimu_Rongai
Hapana, liache. Kubwa lina urefu 8 na kasi 16, dogo urefu 2 na kasi 4, kwa hiyo litalifikia dogo kwa nyuma karibu na t = 3.2. Yakishaachana pima mahali yalipo, ukilinganisha na pale yangekuwa bila kugongana: kubwa liwe limesogezwa mbele 0.55, yaani ½ ln 3, na dogo limerudishwa nyuma 1.10. Huo ndio mtihani ninaoupenda kuliko yote. Programu ikiupita, iweke kwenye tasnifu bila wasiwasi.