Tupeane uzoefu: Wazee wetu waliotoka vita vya Kagera wakawa watu wa ibada

Mjukuu_wa_Kyaka:
Wakuu heshima kwenu. Jana redioni wamerudia ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 dhidi ya Idi Amin, "uwezo wa kumpiga tunao", nikamkumbuka baba mdogo. Alitembea kwa miguu kutoka Mutukula, akapita Masaka, akaingia Kampala. Aliporudi akawa mzee wa kanisa, wa kufagia madhabahu kila Jumamosi bila kuombwa. Kuku hakuchinja tena mpaka tunamzika. Wenye wazee wa namna hiyo karibuni.

Bwana_Shamba:
Hilo la kuku kweli tupu. Wangu alikuwa anamwita jirani.

Binti_wa_Muadhini:
Umenigusa kaka. Baba yangu alikuwa mgambo, wakachukuliwa kuongeza nguvu jeshini. Habari za vita hakupenda kuzisimulia, ila alisema usiku wa Lukaya, Machi 1979, mabomu ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yanashuka nao wako kwenye matope, alimwahidi Mungu akitoka hai hataikosa Alfajiri. Akatoka, hakuikosa, na msikiti wa mtaani ukampata muadhini.

Sasa kuna siku ya Ramadhani, kijana kashikwa na baiskeli ya watu. Baba anatoka Adhuhuri anakuta tairi limeshavalishwa shingoni, petroli imemwagwa, anatafutwa mwenye kiberiti. Hakusema neno. Akapenya katikati yao akamlalia yule kijana, na kanzu yake nyeupe. Mmoja akamvuta mguu, akabaki na ndala mkononi. Mama barazani kazimia, sisi tunalia. Baba akainua kichwa, akatoa sauti ambayo nyumbani hatujawahi kuisikia: "Nyumaaa, geuka! Mbele, tembea!" Wallahi waligeuka. Wamepiga hatua tatu nne ndiyo wanashtuka kwamba wao si askari, wengine wakaanza kucheka, na mtu akishacheka kiberiti hakiwaki tena. Balozi wa nyumba kumi akaja na polisi.

Kanzu mama aliifua na sabuni ya mche, akairudia, harufu ya petroli ikagoma kutoka. Baba akaivaa Idi hivyo hivyo. Waliosali naye safu moja wanajua.

Mama_Wawili:
Nimelia, kisha nimecheka hapo kwenye nyuma geuka. Mola amrehemu.

Chuma_cha_Reli:
Stori tamu. Ila mwenye baiskeli je? Huruma za wazee ndizo zimetujazia vibaka mitaani.

Binti_wa_Muadhini:
Baiskeli ilikuwa pale pale mtaroni, akaondoka nayo. Uliza kwanza ndiyo upige mluzi.

Chuma_cha_Reli:
Siku wakikukwapulia simu utatukumbuka.

Binti_wa_Muadhini:
Wameshanikwapulia. Na bado simchomi mtu.

Bwana_Shamba:
Uzi ni wa wazee jamani. Wa vibaka fungueni wenu.

Mkamba_Halisi:
Huku Machakos babu alikuwa Keya, jeshi la Mwingereza (KAR), walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka mpya fataki zikianza tu anaingia chini ya kitanda na Biblia yake, na sisi wajukuu tunaingia naye. Tulidhani ni mchezo.

Mjukuu_wa_Kyaka:
Dah. Baba mdogo mvua ya radi ilikuwa hivyo hivyo. Anaanza wimbo wa tenzi, na nyumba nzima lazima muitikie.

Fundi_Redio:
Ushauri: ambao wazee wenu bado wapo, warekodini kwenye simu kabla hamjachelewa.

Mama_Wawili:
Usijaribu. Wangu nilipomtolea simu alininunia wiki nzima. Kaa naye umenye mihogo, ataanza mwenyewe.

Chuma_cha_Reli:
Mihogo ya nini? Mnunulie mbili baridi, utasikia mpaka siri za brigedi.

Mama_Wawili:
Mzee wa kanisa huyo?

Chuma_cha_Reli:
Ndiyo wanaosema vizuri 😂

Fundi_Redio:
Basi mpelekeni Kaboya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Wenzake wamelala pale.

Bwana_Shamba:
Nilimpeleka wangu. Alisoma majina kaburi moja moja hadi jua linazama, tukakosa gari la kurudi. Mkienda, mwende asubuhi.

Mjukuu_wa_Kyaka:
Nataka nimpeleke shangazi, mumewe hakurudi. Kutoka Bukoba tunapanda gari za wapi?

Bwana_Shamba:
Za Muleba. Mwambie konda mapema unashukia Kaboya. Pale ni eneo la jeshi, bebeni vitambulisho na msitoe simu ovyo. Shangazi abebe kiti.