Kukinga rangi ya gari dhidi ya kokoto

Swali: Ndugu zangu, kila nifuatapo malori kuelekea Mariakani, kokoto huchubua boneti, na sasa kidonda kidogo kama punje ya mtama kimeanza kutu kwa hii hewa ya chumvi ya Nyali. Je, filamu angavu ya kubandika juu ya rangi itafaa?

Jibu: Itafaa sana. Chagua ya poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, yenye unene wa takriban milimita 0.2, ambayo hufyonza pigo la kokoto, na mikwaruzo yake midogo hufifia ikipata joto la jua. Nta hung'arisha, lakini haizuii kokoto.

Jibu: Kwanza kwangua kutu, upake praima (rangi ya msingi) na rangi, kisha usubiri ikauke kabisa, kwani filamu iliyobandikwa juu ya rangi mbichi huweza kuing'oa siku ya kubanduliwa. Rangi yangu iling'oka hivyo bampani.