Jirani wa kaskazini kanipiga kwa silaha niliyompa MIMI. Hapana wakuu, hapana!

Uyole_Mwisho_wa_Lami:

Wakuu, salamu baadaye.

Mnamjua. Sina haja ya kutaja jina. Yule mchezaji wa rangi ya zambarau. Yule ambaye gemu la Neptune's Pride (lile la mtandaoni la kutekana nyota kwa meli, linalokwenda kwa siku nyingi) halijamaliza hata saa 24 za kwanza, tayari ameshamwandikia kila jirani: "Sisi wa nyanda za juu tusiumizane." Huyo huyo.

Jana saa moja jioni kaniandikia: "Kaka, nirushie Silaha levo 5. Mimi nimekomaa na Uzalishaji, kesho asubuhi nakurushia levo 5." Nikarusha hiyo teknolojia. Gharama ya kurusha nikalipa mimi. Saa tisa usiku, baridi ya Uyole inakata masikio, meli zake 60 zimetua kwenye nyota yangu ya mpakani yenye meli 40. Kisha meseji:

"Ahsante kwa zawadi, kaka."

AHSANTE KWA ZAWADI, KAKA. Hata fisi husubiri mzoga upoe!

Fanyeni hesabu wenyewe. Anayelinda nyota anaongezewa levo moja ya silaha na ndiye anayepiga kwanza. Mimi levo 5, nalinda, kwa hiyo kila pigo langu linaua meli 6. Yeye angekuja na levo 4 yake ya zamani, pigo langu la kumi lingemaliza meli zote 60, mimi nabaki na 4 na nyota yangu. Lakini kaja na levo 5. Mapigo yake manane, meli zangu 40 kwisha, kabaki na 12. Silaha ILE ILE niliyomrushia! Nimechapwa kwa fimbo niliyoichonga mwenyewe.

Asubuhi eti "nilibonyeza vibaya". Safari ya kutoka nyota yake hadi kwangu ni saa 11, na meli ikishang'oa nanga huwezi kuigeuza njiani. Saa tisa usiku toa saa 11 ni saa kumi jioni. Yaani wakati ananiita "kaka" saa moja jioni, meli zilikuwa hewani saa tatu nzima! Skana yangu fupi, haioni mbali, sikuziona. Alikuwa anaomba risasi huku bunduki ameshaninyooshea. Halafu anashukuru.

Gemu lijalo msimpokee. Nimemaliza. Sijamaliza. AHSANTE KWA ZAWADI???

---

Kihesa_Sokoni:

Pole mkuu. Ila nyota ya mpakani unaiachaje na meli 40? 46 zingetosha hata kwa hiyo levo 5 yake. Ili umuue unahitaji mapigo kumi, na kabla ya pigo lako la kumi yeye anapiga tisa tu. Tisa mara tano ni 45. Ungebaki na meli moja na nyota yako. Umekosa meli sita tu.

---

Uyole_Mwisho_wa_Lami:

Sijaleta mtihani wa hesabu hapa. Nimesema mtu kaniandikia "Ahsante kwa zawadi, kaka" saa tisa usiku.

---

Kihesa_Sokoni:

Na ukurasa wa wachezaji unaonyesha kila mtu ana meli ngapi na teknolojia levo ngapi. Silaha yake ilikuwa 4 na yako 5, majirani, mpaka mmoja. Hapo mlinzi wako ni hiyo tofauti ya levo moja. Ukaitoa kwa meseji.

---

Parachichi_Njombe:

Kijana wa Kihesa anasema kweli ingawa anasema kwa kejeli. Silaha haipewi jirani. Anapewa yule wa mbali anayepakana na adui yako. Jirani mpe Skana, mpe Uwekezaji, na umpe levo moja tu, kisha usimame mpaka yake ifike. Levo kwa levo. Anayesema "kesho asubuhi" mwambie na wewe utarusha kesho asubuhi.

Kuna jambo lingine watu hawalifanyi. Skana iongeze levo mpaka nyota yako ya mpakani ione nyota ya kwanza ya jirani, maana meli zikianza safari kule unataka uwe na saa za kutosha kuleta nyingine. Skana fupi na urafiki mrefu haviendi pamoja.

---

Uyole_Mwisho_wa_Lami:

Nimeelewa mama/baba Parachichi. Lakini neno "zawadi". Angesema hata "pole". Zawadi!

---

Mwana_Kalenga:

Ninyi wa Mbeya mnashangaa nini? Merere wa Wasangu alisimama na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka 1894. Jirani mwenye kinyongo cha zamani hakosi mtu wa kusimama naye. Mleta uzi, gemu lililopita ulimnyang'anya huyo wa zambarau nyota tatu. Au tumesahau?

---

Chimala_Darajani:

Wewe usituletee Merere hapa! Wahehe walimfukuza kwao kwanza, ulitaka akae anamwimbia? Kwenu Iringa historia mnaanza kusoma ukurasa wa kati.

---

Mwana_Kalenga:

Ndicho nilichosema, kinyongo. Soma taratibu.

---

Rais_wa_Shirikisho:

Bora ninyi mna mtu wa kumlaumu. Njooni Stellaris, gemu lingine la himaya za anga, ambako anayekunyima mkataba ni kompyuta! Mjumbe nimemweka kwa jirani kuboresha uhusiano, maoni yao juu yangu yanapanda kidogo kidogo kila mwezi, nikaona imetosha, nikamhamisha. Yakaanza kushuka. Leo naomba mkataba wa ulinzi, nyekundu, yaani hawataki. Naomba wa kutoshambuliana, nyekundu. Hivi hawa viumbe wanataka mahari?

---

Parachichi_Njombe:

Weka kishale juu ya namba ya maoni, usome sababu moja moja. Naamini umedai mifumo yake ya nyota, au umetangaza uhasama na rafiki yake. Dai likikaa juu ya ardhi ya mtu, mjumbe atasafiri mpaka achakae. Lifute kwanza. Anza na makubaliano mepesi, uaminifu ujengeke kwa miaka, ndipo ulete la ulinzi. Na wakiwa ni wale wasafishaji wa kiitikadi wanaotaka galaksi yote iwe yao, hakuna mazungumzo. Jenga ngome.

---

Rais_wa_Shirikisho:

Nilidai mifumo miwili. Lakini ni yangu ile, ipo karibu na kwangu!

---

Chimala_Darajani:

Huyu naye kama Mjerumani.

---

Ipogolo_Stendi:

Na shirikisho, ule muungano wa himaya humo Stellaris, msije mkaliamini. Meli za shirikisho zinaongozwa na rais. Mnachangia wote, anatamba mmoja. Wajumbe wote mmewapeleka kuongeza mshikamano ili mfike levo 5, huku majirani wa nje hakuna anayewatembelea, siku ya siku mmezungukwa. Na mkipiga kura ya vita kwa sheria ya wote kukubali, kuna mmoja lazima atasema hapana, na huyo ndiye adui anakopita.

---

Uyole_Mwisho_wa_Lami:

Jamani tulikuwa tunaongelea "Ahsante kwa zawadi, kaka".

---

Rais_wa_Shirikisho:

Ipogolo, rais ni mimi na situmii meli vibaya. Tatizo langu lingine ni mashine yangu ya kuchezea. Gemu linaanza mwaka 2200 linakimbia vizuri, nikifika 2350 mwezi mmoja unakwenda kama lori la viazi linapanda Kitonga. Hata huo mgogoro mkubwa wa mwisho wa gemu, baada ya 2400, siuoni.

---

Kihesa_Sokoni:

Punguza galaksi. Weka nyota 200 na himaya chache wakati wa kuanzisha, na punguza sayari zinazokalika. Idadi ya watu kwenye sayari ni kati ya vinavyokula prosesa.

---

Ipogolo_Stendi:

Kuna mwenye RAM ya DDR3 ya laptop, GB 8, Mwanjelwa au Iringa mjini? Isiwe ya kung'olewa kwenye mashine iliyomwagikiwa chai.