Ushauri: filamu zipi za Sridevi zinafaa kufundishia uigizaji?

Wadau, habari zenu. Nina vijana kumi na wawili wanaojifunza kuigiza mbele ya kamera. Nataka tumtazame Sridevi, yule mwigizaji wa kike wa India, Jumamosi nne, filamu moja kila wiki. Kihindi hawakijui. Nianze na ipi, na waangalie nini hasa?

shabiki_wa_zamani: Anza na Sadma (1983), mkuu. Sridevi ni Nehalata, anapata ajali ya gari, akili inarudi utotoni. Wengi wakipewa nafasi kama hiyo wanabana sauti iwe ya kitoto, basi wamemaliza. Sridevi utoto kautia mwili mzima: anavyokaa, anavyonuna. Kisha rukeni hadi stesheni mwishoni. Amepona, yumo ndani ya treni, na Kamal Haasan aliyemlea yuko nje anacheza kinyani ili amkumbuke. Nehalata anamtazama kama kichaa asiyemjua. Uso ni uleule, yule mtoto hayumo tena. Dakika hizo zirudieni mara tatu.

fundi_sauti: Tahadhari moja. Filamu zake nyingi za mwanzo za Kihindi, sauti iliingizwa na mwigizaji mwingine. Kwenye Aakhree Raasta (1986) anayesikika ni Rekha. Alianza kujisemea mwenyewe kwenye Chandni (1989). Kwa hiyo vijana wasimpe maksi za sauti kabla ya hapo. Tazameni onesho mara moja na sauti, mara ya pili mzime sauti kabisa.

mama_sinema: Mimi ningetanguliza ChaalBaaz (1989), iliyompa Filmfare, tuzo ya filamu ya India. Anaigiza mapacha wote wawili: Anju mnyonge anayeteswa nyumbani kwao, Manju wa mtaani asiyeogopa mtu. Simamisha picha kumi, tano za kila mmoja, funika nguo na nywele kwa karatasi, uso peke yake ubaki. Kijana ataje ni nani. Akikosea, mrudishe kwenye macho: Anju huomba ruhusa hata kabla ya kusema. Mkipata muda, linganisheni na Hema Malini kwenye Seeta Aur Geeta (1972), hadithi ni ileile.

muulizaji: Asante dada, hilo la karatasi nalichukua. Nagina je?

mama_sinema: Ngoma ya mwisho tu, ile na mwigizaji Amrish Puri. Jumamosi nzima wape Lamhe (1991), mama na binti, wote wawili anawaigiza yeye. Inazidi saa tatu, anzeni mapema.

fundi_sauti: Ya nne iwe English Vinglish (2012). Tafuta ya Kihindi, ile ya Kitamil ina Ajith Kumar mahali pa Amitabh Bachchan. Na hakikisha picha haijavutwa kwa upana. Uso ukitanuka, kazi ya macho imepotea. Onesho la mgahawani New York, Shashi (ndiye Sridevi, mama asiyejua Kiingereza vizuri) akiagiza kahawa, sikilizeni pumzi kati ya maneno. Halafu mwishoni ndani ya ndege: anauliza kwa Kiingereza kilichonyooka kama kuna gazeti la Kihindi. Waulize vijana bega limebadilika wapi.