Ramani ya nyumba ya Wete: picha nzuri, lakini upepo unaingilia wapi?

Kutoka: Leicester

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, popote mlipo.

Nina jambo la ujenzi, nataka mawazo ya wenye uzoefu. Kiwanja kipo Wete, Pemba, ni cha familia, kimeshapimwa na barua ya sheha ipo. Kaka yangu ndiye atakayesimamia. Atakayekaa humo ni mama, pamoja na dada yangu na watoto wake wawili wa skuli. Mimi na mume wangu tutakuwa tunakwenda likizo tu, mpaka Mungu atakapotujaalia kurudi.

Kijana anayetuchorea ramani ametuletea picha za kompyuta. Unavaa miwani inayofungwa kwenye simu, unajiona umo ndani ya nyumba. Ukigeuka huku unaona sebule, ukigeuka kule unaona jiko, mpaka rangi ya mapazia. Paa ni bapa, la zege. Sebule na jiko ni pamoja, bila ya ukuta. Mbele ni kioo kitupu kutoka sakafuni hadi juu, na ndani kuna siling'i ya jipsamu yenye taa za kujificha. Baadhi ya picha amezitengeneza kwa akili mnemba: ukimwambia aweke zulia jekundu, linakuja pale pale. Mume wangu ameipenda sana.

Naambatanisha ramani. Je, nyumba za siku za mbele ndizo hizi, tuendelee? Viyoyozi tuvitie vyumba vyote tangu mwanzo, au tupitishe mabomba tu kwanza? Na nimesikia habari za nyumba za mbao zinazojengwa Fumba, kule Unguja. Kwa Pemba zinafaa?

Kutoka: Milton Keynes

Wa alaykumu salaam dada. Hongera kwa kiwanja, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla msingi haujachimbwa. Kazi yangu hapa ni kuchora majengo, na ramani za watu wetu wanaojenga kwa simu huletewa mara kwa mara nizitazame. Niwie radhi nikirefusha.

Kwanza, picha hizo usizidharau. Mtu ambaye hajawahi kusoma ramani maishani mwake sasa anaweza kuvaa miwani akasema, "Mbona mlango wa choo unatazamana na meza ya chakula?" Anasema hivyo wakati kuhamisha mlango ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta, si kazi ya nyundo na saruji. Kwa sisi tulio mbali hiyo ni neema kubwa, na naamini baada ya muda hakuna atakayejenga bila ya kuitumia.

Lakini picha haina joto. Programu za akili mnemba zimejifunza kwa picha za nyumba za dunia nzima, na nyingi ni za nchi za baridi, au za miji ambayo kiyoyozi hakizimwi. Ukiitaka nyumba ya kisasa inakupa kioo, kwa sababu kule kioo kinawekwa ili jua liingie liwapashe watu moto. Wete jua tunalikimbia.

Nimeitazama ramani uliyoleta. Kioo kikubwa kinatazama magharibi. Pemba ipo kiasi cha nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko karibu na utosi mwaka mzima na linapiga paa. Kuta zinazoumia ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri, maana hapo jua liko chini na upenu hauwezi kulizuia. Alasiri ya Februari sebule hiyo haitakalika, na ndiyo saa ambayo mama atataka kupumzika na wajukuu wametoka skuli.

Mwambie kijana aigeuze nyumba. Ailaze kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, zile pande pana zitazame kaskazini na kusini. Ubavu mfupi ndio utakaopigwa na jua, na madirisha makubwa yatapokea kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi, kisha kusi inayoshika baada ya masika mpaka Septemba. Halafu kila chumba kiwe na pa kuingilia upepo na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja tu upepo hauingii hata kama nje unavuma, kwa sababu hauna pa kwenda.

Na dirisha lenyewe. Mmechora yale ya alumini ya kusukuma. Dirisha hilo lina vioo viwili, kimoja hupita nyuma ya mwenziwe, kwa hiyo hata ukilifungua mpaka mwisho nusu imeziba. Mnalipia upana wa mita mbili, mnapata mita moja ya upepo. Dirisha la mbao la mabawa mawili hufunguka lote. Mabawa yakiwa na vipande vilivyolazwa mshazari, usiku mvua inanyesha, umefunga, na hewa bado inapita. Seremala wa kulitengeneza yupo Wete. Fundi wa kioo cha sakafuni hadi juu, kikipasuka, mtamfuata Unguja au Dar es Salaam.

Paa bapa silipendi kwa nyumba ya Pemba na nalisema bila ya kuficha. Slabu ya zege hunywa joto mchana kutwa, na huanza kulitoa ndani wakati watu wanapanda kitandani. Halafu kuna mvua. Maji yakituama juu, ufa mwembamba unatosha kuyafikisha kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kwa ndani. Mchanga ukiwa umechotwa ufukweni ndiyo balaa zaidi, kwa sababu chumvi imo ndani ya zege tangu siku ya kwanza. Tieni kenchi na mabati ya rangi nyeupe au ya kung'aa, acheni nafasi ya hewa kati ya bati na siling'i, na upenu utoke mita moja nzima kuizunguka nyumba. Upenu huo utalinda kuta na mvua, na mtu atafungua dirisha hata wakati wa masika.

Sasa jiko. Hapa nataka mlifikirie vizuri, kwa sababu ni jambo la maisha ya watu watakaokaa humo. Sebule na jiko kuwa kitu kimoja kunafaa hapa Uingereza kwenye nyumba ndogo, mtu anapika pasta dakika 15 huku akizungumza na mgeni. Nyumbani tunakaanga samaki, tunaunga nazi, tunachoma muhogo, na siku ya khitma au ya arusi wanapika wanawake kumi kwa pamoja. Mgeni wa kiume akibisha hodi wakati dada yako yuko jikoni na kanga kiunoni, atakwenda wapi? Nyumba zetu zilikuwa na jawabu la hilo: baraza nje kwa wapita njia, ukumbi, vyumba, halafu ua nyuma, ambako ndiko kwenye jiko, maji na mazungumzo ya wenyewe. Mwanamke alizunguka nyumba nzima bila ya kukatiza mbele ya mgeni. Hiyo ni akili kubwa ya usanifu, na hakuna programu itakayokuletea kama wewe hukuitaja.

Sikwambii ujenge nyumba ya zamani. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilikuwa hazivuki sana mita tatu. Leo hatuna shida hiyo. Lakini kuta zile nene za mawe na chokaa, dari za juu, uwazi wa katikati unaovuta hewa ya moto kwenda juu, ndizo zilizofanya watu waishi na Februari bila ya umeme. Mji huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na wasanifu wanatoka nchi nyingine kuja kuupima. Sisi tuna haki ya kwanza ya kujifunza kwake.

Kutoka: Muscat

Dada, kaka wa Milton Keynes amesema mengi, mimi naongeza la umeme na la samani.

Huku Oman tunaishi ndani ya kiyoyozi, na nyumba zimejengwa kwa ajili hiyo: zimefungwa kabisa. Tatizo la nyumba iliyofungwa ni siku umeme unapokatika. Umeme wetu Zanzibar unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Pemba imeunganishwa na Tanga tangu mwaka 2010. Wenzetu wa Unguja mwaka 2008 walikaa kiasi cha mwezi mmoja gizani, halafu tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya zimetiwa na hali imekuwa bora sana, alhamdulillah, lakini nyumba unaijengea miaka 50. Iwe inakalika kwa feni, na ikibidi bila ya feni. Tieni kiyoyozi chumba cha mama na chumba kimoja cha wageni, na hivyo viwili ndivyo viwe na siling'i iliyozibwa na milango inayoshika vizuri. Kwengine pitisheni bomba na waya ukutani sasa hivi, maana kuja kupasua lipu baadaye ni gharama na uchafu.

Samani za kontena: najua mtashawishika. Makabati ya mbao za vumbi zilizogandishwa kwa gundi, zinazouzwa Ulaya zimekunjwa kwenye maboksi, zikifika kwetu unyevu wa masika huzivimbisha miguu na bawaba zinang'oka. Makochi ya mahameli yanaota ukungu. Fedha hiyo mpeni seremala afanye vitanda na makabati ya mninga au mfenesi. Baadhi ya milango yetu ya kuchonga ni ya mfenesi, na imekaa kwa miaka mingi.

Kutoka: Oslo

Salaam wote. Nijibu la mbao, maana huku ndiko zinakopandishwa juu.

Mbao wanazozisema si za kawaida. Vipande hupangwa kwa tabaka, kila tabaka likikingama na lililo chini yake, vikagandishwa kwa gundi na kushindiliwa mpaka likatoka bamba zito kama ukuta. Hapa Norwei kuna Mjøstårnet, pale Brumunddal, jengo la ghorofa 18 lenye mita 85 lililokamilika 2019. Milwaukee, Marekani, kuna Ascent la ghorofa 25, la mwaka 2022. Na Fumba umetangazwa mpango wa Burj Zanzibar, ghorofa 28 zenye mita 96, na sehemu kubwa ni mbao. Mimi jambo hilo linanifurahisha kweli. Saruji inachomwa kwa moto mkubwa unaochafua hewa, na mchanga wa kisiwa chetu si wa kuchota milele. Mti unapandwa tena.

Ila kwa nyumba moja Wete ningengoja. Bamba hizo zinatoka kiwandani, zinataka winchi, na adui zake wawili, mchwa na unyevu, wote ni wenyeji wa Pemba. Panapokuwa na kiwanda na mafundi wanaojua kuzitibu, tutazungumza. Kwa sasa tieni mbao kwenye kenchi, milango na madirisha, zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijapanda juu, na nguzo yoyote ya mbao isimame juu ya kitako cha zege, isiguse udongo.

Kutoka: Leicester

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Kaka amempelekea mama miwani. Aliizunguka nyumba yote kimya, kisha akauliza, "Baraza iko wapi? Na kuku wangu?" Mume wangu mwenyewe amekubali jiko lihame nyuma. Kijana wa ramani amesema kugeuza nyumba ni kuanza upya na anataka nyongeza. Ni haki yake?

Kutoka: Milton Keynes

Ni haki yake, mlipeni. Fedha ya kuchora mara ya pili ni ndogo mno ukilinganisha na ya kubomoa. Lakini kwa fedha hiyo akupeni na mchoro wa nyumba iliyokatwa katikati, tuone urefu wa dari, mwinuko wa paa na njia ya hewa, pamoja na mchoro wa nondo. Picha za ndani zije mwisho.

Fundi mlipeni kwa hatua: msingi, kuta mpaka linta, paa, lipu, kumalizia. Kabla zege halijamwagwa kaka apige video ya nondo, futi ya kupimia ionekane, na atuonyeshe mchanga ulikotoka. Baraza ikae upande wa kaskazini chini ya upenu, upana wa mita moja na nusu ili watu wawili wapishane mbele ya aliyekaa. Mfereji wa bati uingie kwenye tenki, maana mvua ya Wete ni maji ya bure. Na ramani ya pili ikitoka iletwe hapa kabla ya kupelekwa kwenye kibali. Nitaitazama, na kaka wa Muscat atazame waya.